Usichukue Kiwanja cha Ufukweni, Mama

Urambo, Jumapili ya pili ya mwezi wa pili.
Ni mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje siku hizi, yanakubali kukunjika? Mimi mzima, ila nimechoka hoi. Utomvu wa tumbaku umenigandia mikononi kama lami na sabuni haiuwezi. Lakini leo uchovu siusikii, maana nina jambo. Naomba mdogo wangu Zainabu akusomee mara mbili, kabla ya mkutano wa kugawa viwanja.

Barua yenu ilinikuta Ijumaa kwenye bani, ndiyo nyumba ya kukaushia tumbaku. Chini kuna tanuri la kuni, kwenye paa kuna tundu la kutolea mvuke, na majani mabichi yananing'inia katikati. Nikasoma kwamba katika kijiji chetu kipya cha ujamaa umechagua kiwanja cha ufukweni, kwa kuwa ni tambarare na kisima kipo karibu. Nikafurahi. Huku barua ninayo mkononi, nikachochea moto kwelikweli, kisha nikaacha mlango wa chini wazi ili upepo uingie ukaushe haraka, kama tufanyavyo kwenye chumvi huko kwetu.

Mama! Upepo uliingia kwa kishindo, ukaninyang'anya barua, ikaenda kunasa juu kwenye majani. Na nje hata unyasi haukutikisika! Maganga, msimamizi wetu, mtu wa Sikonge, akaja mbio.

"Mtani, funga! Hapa hatukaushi chumvi!"

"Upepo wenyewe umetoka wapi?"

"Umeuita wewe kwa moto wako. Samaki wa kwenu ndio waliokula akili zako?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hakucheka Mzee Feruzi, mwenyeji wa Tabora mjini anayepima mvua hapa kwenye kituo chetu cha tumbaku. Akaniambia, "Kijana, umetengeneza kimbunga." Akanieleza: bahari yenye joto ndiyo tanuri. Mvuke wake unapanda, na upepo wa chini unakimbilia kujaza nafasi. Ule mvuke ukigeuka mvua huko juu unaachia joto lake, basi hewa inazidi kupanda na upepo unazidi kuvutwa. Kimbunga kikifika nchi kavu kinakosa mvuke, kinakufa. Ila kabla ya kufa kinaisukuma bahari mpaka majumbani.

Nikakumbuka kile kilichong'oa paa letu nikiwa mdogo, ulivyonifunga kwa kanga kwenye shina la mkorosho.

"Lakini kile ni cha zamani, mzee," nikasema. "Hatujaona kingine."

"Na ukiongeza kuni tanurini?"

Nikautazama moto, nikaelewa: upepo nao ungezidi. Anasema wataalamu wengine sasa wanahofia kwamba moshi wa viwanda na magari ya dunia unaongeza joto, na bahari nayo inapashwa. Kama vimbunga vitakuwa vingi, hajui. Lakini kitakachokuja kitaweza kuwa na nguvu zaidi na maji mengi zaidi.

Basi Mama, chukua kiwanja cha juu, penye mikorosho. Najua ni mwinuko, najua kisima kiko mbali. Nitakuchimbia kingine mimi mwenyewe. Barua yenu tuliitoa imekuwa kahawia kama tumbaku, inanukia vizuri, nitakuja nayo uione.

Nisalimie Zainabu na mumewe wa kwenye chumvi, na shangazi anayefundisha watoto Kurani, na mjomba mwenyekiti: mwambie kiwanja cha ufukweni apande minazi, asimweke dada yake.

Soko la tumbaku likifungwa mwezi wa saba napanda treni. Nikishuka kwenye lori njia panda sitauliza kwako ni wapi, nitapanda moja kwa moja mikoroshoni. Nisipokukuta, nitateremka ufukweni nikubebe mgongoni mpaka juu, na mawifi zako wote wakitazama.

Mwanao,
Selemani