Kikwembe cha Tarehe Ishirini

Dilala, Kolwezi, 11 Mei 1975

Mpendwa yaya Tshiela, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto, na mama mkwe wako pia ingawa najua haulizi habari zangu. Mu hali gani huko Kisenge? Kikohozi cha shemeji kimetulia, au vumbi la manganezi bado linamkaba? Sisi huku tuzima, ila ni ule uzima wa kumjibu mtu akiuliza. Baba watoto yuko zamu ya mchana wiki hii. Watoto wote wanne wanakula vizuri, na wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, akisali anapiga mluzi.

Barua hii nampa Omer wa treni mkononi, siipeleki posta. Ukimaliza kuisoma, itie kwenye mbabula, pamoja na makaa, upikie chai. Na kabla sijasahau: kile kikwembe, kitambaa cha chama mlichogawiwa mwaka huu, chenye uso wa Kiongozi ndani ya duara, umeshakikata? Kama bado, usikiguse kwanza. Sababu utaiona huko mbele.

Mwaka huu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushona nguo za akina mama wa mtaa wetu, za kuandamana na kucheza mbele ya wakubwa tarehe ishirini, sikukuu ya chama. Vikwembe ishirini na vinne vililetwa nyumbani, kila kimoja kikiwa na karatasi ya jina iliyobanwa kwa pini. Citoyen Kisimba, mkubwa wa chama hapa mtaani, alinipa masharti: uso wa Kiongozi ukae kifuani au mgongoni, usianguke pa kukalia, na mkasi usiupite kabisa. Yaya, jaribu wewe kukata sketi kwa namna hiyo! Kila mama ana makalio yake, na Kiongozi yuko kila mahali. Nilikuwa nakigeuza kitambaa huku na huku hadi macho yanauma.

Basi, Jumanne tarehe 29 mwezi uliopita, jirani yangu Tshibola, mke wa Badibanga wa karakana, alikuja kupimwa na tumbo lake kubwa. Alikuwa bado na wiki tatu. Rafiki yangu Henriette naye alikuwepo. Nisamehe, tangu majina ya Kizungu yakatazwe anaitwa Numbi, lakini ulimi wangu bado haujabadilishwa jina. Tukaanza mazungumzo yetu ya kila siku: sabuni haipatikani, chumvi imekuwa dawa, na lile duka la Mgiriki, tangu serikali imnyang'anye na kumpa mwenyeji, limebaki rafu tupu. Henriette akasema mwenye duka auze basi na misumari ya rafu. Tshibola akasema hata Badibanga husema hivyo, tena kwa sauti, kazini mbele ya watu. Tulicheka sana, kisha tukakumbuka kufunga dirisha.

Tulikuwa bado tunacheka Tshibola aliposhika meza yangu kwa mikono miwili. Maji yakamwagika sakafuni. Henriette akatoka mbio kwenda hospitali ya kampuni kuomba gari, lakini mtoto hakungoja gari. Mashuka yangu yote yalikuwa kwenye waya, yamelowa. Damu ilitoka nyingi, yaya, sijawahi kuogopa hivyo tangu mama afe. Nilifunga kitovu kwa uzi wa kushonea, nikakikata kwa wembe. Nikavuta kikwembe kilichokuwa juu ya mashini, nikakipasua katikati. Kipande kimoja nikamkandamizia mama, kingine nikamfunga mtoto. Uso wa Kiongozi ulipasuka puani. Wakati ule sikuuona hata kidogo.

Gari lilipofika, mtoto alikuwa analia na mama yake ananitazama. Walipewa kitanda, wote wawili wapo mpaka leo. Mtaa mzima ukanisifu. Hata Kisimba alinipa mkono. Vile vipande nesi alimrudishia Henriette, naye akaniletea vimeviringishwa kwenye gazeti. Nilivifua mara tatu bila sabuni ya kutosha, doa halitoki. Nimevificha ndani ya gunia la unga.

Jumatano iliyopita Kisimba alikuja kuhesabu. Alihesabu ishirini na tatu. Akahesabu tena. Akasoma majina, akakuta la Tshibola halipo, akaniuliza kiko wapi. Nikamwambia Tshibola alikichukua kwenda nacho nyumbani. Kinywa changu kilisema hivyo kabla mimi sijakubali. Nilifikiri mzazi aliye kitandani hatasumbuliwa na mtu.

Njia ya mwongo fupi, baba alikuwa akituambia. Kisimba alikwenda kwa Badibanga. Badibanga akapekua nyumba yake mwenyewe, akatoa hata godoro nje, wapi. Kisimba akasema basi amekiuza, au amekichoma kwa kumdharau Kiongozi, na kwamba yale maneno yake ya karakana yameshasikika zamani. Ijumaa walimchukua. Hadi leo Jumapili hajarudi, na anayempelekea chakula anarudishwa nacho.

Jana Henriette alikwenda kumwona Tshibola hospitalini. Akamsihi aseme ukweli, kwamba kikwembe kilipasuka kwa ajili ya kuzaa, kwa sababu Tshibola alikiona kwa macho yake. Tshibola alikataa. Alisema akitaja kwamba kilipasuliwa, wataniuliza mimi ni nani aliyenipa ruhusa ya kumpasua Kiongozi. Henriette alinirudishia maneno yake kama alivyoyasema: "Badibanga ni mwanaume, atavumilia. Ndaya iko na batoto bane. Bashimuguse." Yaani wasiniguse mimi. Kisha akaniambia mtoto, ambaye ni wa kike, wamempa jina langu.

Yaya, hapo nilikaa chini jikoni nikalia mpaka watoto wakaacha kucheza.

Kwa sababu Tshibola anadhani kilichopasuka ni chake. Si chake. Kilichokuwa juu ya mashini kilikuwa changu mimi. Usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa niliitoa karatasi ya Tshibola, nikabana yangu kwenye kikwembe chake. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa tu, nikatazama lile rundo, nikachagua mtu ambaye hayupo. Mume wake yuko ndani kwa kosa langu, na yeye ananificha mimi kwa wema.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba kikwembe chako. Ningekiweka katika rundo, hesabu ingetimia, Badibanga angetoka. Nimeandika hadi hapa na mkono umekataa. Huko Kisenge nako watahesabu, na shemeji naye atatoa godoro nje. Usinitumie. Kikate, kishone, ucheze vizuri tarehe ishirini, na uangalie uso usianguke pa kukalia.

Mficha uchi hazai. Kesho asubuhi nakwenda ofisini kwa Kisimba na vile vipande, na karatasi mbili za majina. Baba watoto nitamwambia leo akirudi zamu. Sijui atasemaje. Naogopa, yaya. Ukisikia kwa Omer kwamba sijarudi nyumbani, panda treni uje uchukue watoto, na mashini ya kushona uipeleke kwa Henriette, kuna nguo tisa hazijaisha.

Nisalimie shemeji, mwambie anywe maji ya moto. Wabusu watoto mmoja mmoja. Mama mkwe wako pia msalimie, na mwombe aniombee, maana sala za wakali husikika haraka. Mungu atukutanishe tungali na afya.

Ni mimi mdogo wako,

Ndaya mkubwa
(mdogo yuko hospitali, kilo mbili na nusu, bado sijathubutu kwenda kumwona)