Bendera Nyekundu Iliyobaki Sandukuni

Baba,

Ni mimi Mariamu, yule wako wa cherehani. Sijui barua ya namna hii mtu huianza vipi. Nikikuuliza hali nitakuwa nakufanyia mzaha, na nikisema mimi sijambo nitakuwa nakudanganya, na uwongo juu yako umeshatosha. Basi nianze na hali ya hewa, kama ulivyokuwa ukianza wewe kila ulipoingia mlangoni, hata kabla ya kuvua viatu.

Leo mawingu yamelala juu ya ziwa mpaka upande wa Goma. Upepo hakuna, joto linanata, nguo zilizofuliwa juzi bado mbichi. Ungekuwepo ungesimama uani, uinue pua, useme hii ni mvua ya Kongo, si ya pwani, na mama angekujibu kwamba mvua ni mvua, lete kuni. Mama yupo. Hasemi sana siku hizi.

Mlingoti wako pale bandarini umeng'olewa, umewekwa mwingine wa chuma. Kazi yako amepewa kijana mmoja kutoka Rugerero, mpole, anasoma vipimo vya mvua na vya hewa kama ulivyosoma wewe, anaandika kwenye daftari, na ziwa likiwa na hatari anapandisha bendera nyekundu ili boti zisitoke. Bendera yake ni mpya. Ya zamani haikuonekana, ndivyo watu wanavyojua.

Nakumbuka siku ile muzungu wa ofisini alipokuonyesha ramani. Bahari ya Hindi upande huu, ile bahari nyingine inayomeza mto Kongo upande ule, na sisi katikati, kitone cha wino. Akakwambia namba zako za Gisenyi zinapigwa kwa waya, zinakwenda kuunganishwa na za meli na za bandari za mbali, ili ijulikane tufani imesimama wapi na mvua inakwenda wapi. Ulirudi umevimba kichwa wiki nzima. Hata chumvi uliomba kwa sauti ya mtu wa serikali. Na ulipotueleza kwamba pepo za bahari zote mbili zinakuja kukutana hapa juu ya paa letu, ulicheka peke yako ukasema, "Bahari ya babu inatufuata hata huku." Wewe ambaye bahari hukuiona hata siku moja, babu yako ndiye aliyetoka huko na bidhaa kichwani.

Ulinifundisha pia ile saa ya hewa ya ukutani, inayopima uzito wa hewa kwa sindano moja. Ukasema bazungu kwao inapanda na kushuka siku kwa siku, lakini huku kwetu ina zamu zake, asubuhi inapanda mpaka saa nne, kisha inateremka mpaka alasiri, kila siku hivyo hivyo. Ikivunja zamu yake, ikaanza kuteremka mapema, hapo ndipo uogope. Nililijua hilo, baba. Nakwambia nililijua vizuri kabisa, ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka Alhamisi ya kwanza. Vyombo vyangu vya arusi vilikuwa tayari kupelekwa Kibuye kwa akina Saidi, mchumba wangu, shangazi Zubeda amejifunga kibwebwe, godoro limeshafika bandarini, nawe ukapandisha bendera. Boti haikutoka. Na ziwa likakaa kimya siku nzima, jua linawaka, hata jani halikutikisika. Wauza samaki walikucheka mpaka wakashika mbavu. Huko Kibuye wakasema huyu mzee hataki kumtoa binti yake, anajificha nyuma ya kitambaa. Nililia, nikakununia wiki nzima, chai yako nikakuwekea bila kukutazama. Naona haya kuandika, lakini ndivyo nilivyofanya.

Alhamisi ya pili nilikuja mwenyewe ofisini, saa mbili asubuhi. Bendera ilikuwa tayari iko juu, ingawa watu walikuwa bado hawajafika bandarini. Ulinionyesha sindano. Inateremka. Saa mbili, baba, ilipopaswa kupanda, inateremka, nami nikaiona kwa macho yangu haya. Nikakwambia saa imeharibika, si uliona wiki iliyopita? Nikakwambia ukivirudisha vyombo vyangu mara ya pili Saidi ataoa kwingine nami nitazeekea kwenye cherehani yako. Kisha nikapiga magoti pale kwenye saruji, nikakushika miguu, nikasema, "Baba, ishushe. Leo tu."

Ulitoka, ukaishusha polepole, ukaikunja mara nne kama unavyokunja msala, ukaniwekea mikononi. "Ishike wewe," ulisema. Hukusema kwa hasira. Ningependa ungesema kwa hasira.

Boti ikatoka na watu sita. Andereya ndiye aliyeshika usukani, mume wa mama Josefina, aliyekuuliza mara mbili kama kuko salama, na mara ya pili nilijibu mimi. Nilisema kuko salama, nendeni. Shangazi alinipungia leso. Saa nne ulikwenda kuitazama ile saa tena, ukatoka ofisini unakimbia, wewe na goti lako bovu. Boti ilikuwa bado inaonekana mbele ya Rubona, imesimama, injini imezimika. Ulichukua mtumbwi wa kwanza uliouona. Nilikuita. Sijui kama ulisikia. Upepo ulishuka kutoka milima ya Masisi, ziwa likawa jeusi, kisha likawa jeupe, kisha sikuona kitu.

Wawili kati ya wale sita waliokoka kwa kushikilia sanduku langu la mbao, na wengine wawili waliokolewa na wavuvi wa Rubona. Shangazi Zubeda hakurudi, Andereya hakurudi, na wewe tulikupata siku ya tatu upande wa Nyamyumba. Sanduku nililetewa mpaka mlangoni, limejaa maji. Niliuliza nani aliwatuma waniletee.

Sasa nikwambie wanayosema, kwani ni haki yako kujua. Wanasema ulilala. Wengine wanasema ulikunywa, wewe, uliyekuwa ukihamia ukumbi wa pili mtu akifungua chupa. Wanasema bendera uliipoteza kwa ulevi, na ulichukua mtumbwi kwa kuogopa jela. Mama amesikia yote hayo kisimani, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwa sababu anayejua ni mmoja. Mimi nilinyamaza. Miaka miwili, baba. Kwanza nilinyamaza kwa msiba, kisha kwa woga, kisha nikazoea, na hiyo ya kuzoea ndiyo mbaya kupita zote. Saidi ameoa kwingine, kama nilivyotabiri, bendera au bila bendera.

Wiki iliyopita yule kijana wa Rugerero alichelewa kidogo kupandisha bendera yake. Mshona viatu wa pale sokoni akamwita kutoka barazani, akamwambia asije akalala kama mzee Ramazani. Watu wakacheka. Nilikuwa hapo hapo, mguu kwenye cherehani, uzi mdomoni.

Na mimi nikacheka.

Kidogo tu, ili nisionekane tofauti. Lakini nilicheka, na sauti yangu niliisikia. Nilifunga mashine, nikaingia ndani, uzi bado mdomoni.

Kwa hiyo jana nilikwenda kwa mama Josefina. Bado anauza samaki, amekonda, watoto wake wanne wote wamemkalia mgongoni. Nilimweleza yote, tangu magoti mpaka lile jibu nililompa Andereya. Nilidhani atanipiga, nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Aliendelea kupara samaki mpaka akammaliza. Kisha akasema, "Mi nilitukana baba yako, jeneza ikipita. Nilitema mate." Akaweka kisu chini. "Usiniambie mi peke yangu. Kesho kutwa iko soko. Useme mbele ya batu bote, sawa vile umenisemea hapa."

Nilimuuliza kama atanisamehe.

"Ile sijue," alisema, akachukua samaki mwingine.

Nikamwambia mama usiku huo huo. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na koti lako la kazi, lile la vifungo vya shaba. Kumbe amekuwa akilipiga brashi kila Ijumaa. Akaliweka magotini. Sijui kesho kutwa kama atakula chakula nilichopika mimi. Na sijui nani ataniletea kitambaa nishone. Acha wasilete.

Bendera ninayo, baba. Iko ndani ya lile sanduku, chini kabisa, chini ya nguo za arusi ambazo sikuzivaa. Iko katika mikunjo yako minne. Sijaigusa tangu nilipoiweka humo, maana niliona nikiikunjua sitaweza tena kuikunja ulivyoikunja wewe.

Kaa na amani huko uliko, wewe na shangazi, na umwambie Andereya yule aliyemjibu siku ile ndiye anayekuja sokoni. Sikuombi msamaha kwa karatasi, nimeona nitakuwa ninajipunguzia mzigo. Nakuahidi moja tu. Kesho, watu wakishajaa, nitasimama mbele ya baraza la mshona viatu nimeishika hii bendera, nitaje jina lako kwanza, kisha langu, nami nitaikunjua.

Binti yako,
Mariamu