Ngoma Iliyobebeshwa Kosa Langu

Sahibu yangu Shomari,

Nakutolea salamu ile tunayowapa walio makaburini tukipita njiani, halafu nakaa kitako nikuandikie, maana niliyo nayo hayasemeki kwa kupita tu. Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike Bwejuu. Kalamu ninayo, karatasi ninayo, mtu wa kuzungumza naye sina.

Nianze na habari za hapa Ndagoni. Uwanja wako wa ngoma umeota nyasi, na mbuzi wa jumbe ndio wanaoucheza siku hizi. Harusi ya binti yake ilikwenda kimya utadhani tumeitwa kwenye hitima. Wanawake walipiga vigelegele kwa kujiiba, mmoja mmoja, huku wakitazama njia kama kuna askari. Watoto wakigonga ndoo, mama zao wanawapokonya. Amri ya akida ipo pale pale: ngoma imeua mtu, basi ngoma isisikike. Na watu wamezoea, Shomari, hilo ndilo linaloniuma. Wale wale waliokuwa wakikubeba mabegani sasa wanasema, "Kwani hukuisikia ile midundo? Ile haikuwa ngoma, ulikuwa wazimu." Mimi nanyamaza. Nimekuwa hodari sana wa kunyamaza.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Mwezi uliopita, huko Kiegeani, mtu alimpiga jirani yake jembe la kichwa kwa ajili ya mbuzi aliyekula mihogo. Ngoma haikuwapo, hata kigoma cha mtoto. Akida akaja, akauliza, akauliza tena, mwisho akaambiwa kuwa yule bwana alikuwa akilima huku anapiga mluzi. Basi! Akaandika mluzi. Wallahi nilicheka peke yangu njia nzima, nikageuka nikusimulie, nikakuta hakuna mtu.

Sasa nije kwenye lililonikalisha.

Unakumbuka desturi yetu ya ngoma ya fimbo. Kabla mtu hajaingia uwanjani huvua kila chuma alicho nacho, kisu, panga, kotama ya mgema, akakiweka chini ya mkeka miguuni pangu. Hapo hakitoki mpaka wewe umalize, uilaze ngoma ubavu. Ngoma ikisimama wima, chuma kimelala. Siku uliyonipa kazi hiyo uliniambia, "Wape fimbo wachapane watakavyo, Athumani, lakini chuma nakukabidhi wewe." Nilitembea nimevimba kichwa wiki nzima.

Siku ile ndugu yangu Mbaraka alikuja na kotama yake kiunoni, akaiweka kama wenzake. Alicheza raundi mbili na Juma. Sote tulijua wana ugomvi wa minazi minne ya mpakani, na Juma alipompata fimbo ya bega watu walicheka, na Mbaraka naye akacheka. Alasiri ilipokaribia akanijia, jasho linamtiririka. "Kaka, nipe kotama yangu. Jua linaondoka na minazi yangu haijagemwa." Unajua mnazi usipogemwa jioni moja unavyoharibika. Unajua pia kwamba mama huwaambia watu tembo la Mbaraka ni la kufanyia siki tu, si la kunywa. Nilitazama ngoma. Ilikuwa bado imesimama wima inalia, nawe umeikumbatia kwa magoti, macho umefumba kama kawaida yako. Nikainua mkeka, nikampa ndugu yangu kotama.

Hakwenda kwenye minazi. Alikwenda kukaa nyuma ya vichaka vya njia ya kisimani, akamngoja Juma aje kuoga jasho lake.

Barazani Mbaraka alisema ngoma ilimpanda kichwani, mikono haikuwa yake. Akida akauliza chuma alikipata wapi uwanjani. Mbaraka akasema aliingia nacho kimefichwa, hakuna aliyemwona, kisha akaniangalia. Mama alikuwa nyuma yangu, akaishika shuka yangu na kuivuta. Nilipoulizwa nilisema, "Ngoma ilikuwa kali sana siku ile, bwana." Hayo tu. Yakatosha. Mbaraka akaepuka kitanzi, akapelekwa bara kwenye mnyororo. Wewe ukalazwa chini mbele ya watu ukachapwa viboko, ngoma yako ikachomwa, ukaambiwa uhame Ndagoni, ukavuka kwenda Bwejuu.

Nimeliwaza sana jambo hili, maana muda wa kuwaza ninao. Sikatai kwamba ngoma inachemsha damu. Mimi mwenyewe na goti langu bovu nilikuwa nikijikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Lakini uwanja mzima ulisikia midundo ile ile, na watu wote walirudi kwao wakala wakalala. Aliyeua ndiye peke yake aliyeiacha ngoma katikati. Aliiacha huku akili yake ikiwa timamu, akakumbuka jua, akakumbuka minazi, akajua uongo gani mimi nitaupokea. Mtu aliyepandwa na ngoma hakumbuki kudanganya. Nilijua haya pale pale barazani, na bado nikasema nililosema.

Halafu nikaja Bwejuu kukutazama. Mgongo wako ulikuwa haujapona, unakohoa, huwezi kulala chali. Ulinishika mkono ukasema, "Ningeikata ngoma pale, Athumani. Ningeikata." Ukanitazama. Ulinitazama kwa muda mrefu. Nami nikasema nusu mdomo kwamba wewe huna kosa, kisha nikaanza kukuhadithia habari za samaki, changu walivyokuwa wengi mwaka huu. Ulinisikiliza. Uliniuliza hata nyavu tulizitega wapi. Wiki iliyofuata niliitwa kuja kukuzika.

Jumatatu hii nilivuka tena kwenda kwa mkeo Mwanaidi. Nilisikia kuwa wanawake hawanunui mikeka yake, wanasema mkono uliomfulia mwuaji ukae mbali na nyumba zao. Nilimkuta kizingitini anasuka, mikeka imejaa nyuma yake mpaka darini. Nilianza kumwambia, nikashindwa kufika mwisho, nikawa nalia kama mtoto. Yeye aliendelea kusuka. Kisha akasema, "Shemeji, kunywa maji kwanza." Na nilipokunywa akasema, "Alikuona. Siku ile macho alikuwa hajafumba."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Aliniambia mwenyewe. Alisema, nilimwona akitoa chuma, nikadhani Athumani anamjua nduguye kuliko mimi, nikaendelea kupiga." Nikamwuliza kwa nini basi hukusema, hata chini ya kiboko. Akasema, "Alisema ukitajwa wewe, mama yako anabaki hana mtoto hata mmoja. Alisema utakuja kusema mwenyewe."

Nikuambie kweli, nilikukasirikia. Nilirudi pwani nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Ungenitukana siku ile Bwejuu! Ungenifukuza kitandani pako! Ulikaa ukaningoja, nami nikakupa samaki. Hasira ilipokwisha nilikaa mchangani mpaka maji yakanifikia.

Jana nilimwambia mama kwamba nitakwenda kwa akida. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Na Mbaraka?" Nikisema kwamba aliomba kotama kwa hila, akaenda kungoja njiani, huenda wakamtoa kwenye mnyororo wakamtafutia kamba. Huenda wasijali. Huenda wakanifunga mimi. Asubuhi hii mama amefunga kifurushi chake akaenda kwa dada yake Kiegeani, hakuniaga. Ninaandika katika nyumba ambayo haina moto jikoni.

Ninampenda ndugu yangu, Shomari. Nilimfundisha kupanda mnazi mimi mwenyewe. Lakini nimechoka kumwokoa kwa mgongo wako. Kama akida anataka kuandika kilichomwua Juma, aandike ugomvi wa minazi, aandike moyo wa Mbaraka, na aandike mkono wangu. Ngoma aifute.

Kwa hiyo pokea ahadi yangu. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitasimama mbele ya akida na mbele ya wote waliocheza siku ile, niseme: chuma kilikuwa kwangu, ngoma ilikuwa imesimama wima, nikakitoa. Lakini mimi najijua, nawe unanijua. Naweza kufika pale nikaanza tena kuzungumza habari nyingine. Ndiyo maana barua hii sikuletei kaburini. Leo hii namvushia Mwanaidi, nimwambie jua la Ijumaa likizama naye hajasikia kwamba nimesema, aichukue aipeleke kwa akida ikasomwe mbele ya watu kama ilivyo.

Mola akupe mapumziko, sahibu yangu, na mgongo wako usiumie tena. Nimetia jina langu hapa chini kwa ukamilifu wake, kosa hili lisije likamkosa mwenyewe.

Athumani bin Bakari wa Ndagoni, mtunza chuma wa ngoma yako, ndiye aliyeitoa kotama.