Mutoto Mwenye Halii

Siku ya jeudi, jua inaanguka

Ati woga yangu ndiyo inaharibu bongo ya mutoto. Vile mama munganga alisema leo pale ku kliniki wanapima watoto kilo, mbele ya wamama wote! Baraka wangu iko na miezi kumi, hacheki, halii. Munganga akaniambia: "Mama, woga yenye ulikuwa nayo wakati wa mimba, na ile ya kukimbia, ilimuingia. Jikaze, umuchekeshe."

Nijikaze! Kama vile woga niliinunua ku soko.

Wenye walichoma nyumba zetu kule Djugu, nani anawaambia wajikaze?

Baraka alikuwa angali mudogo sana wakati tulilala siku tisa mu pori, siye wamama sita na watoto. Mutoto akilia, wenye bunduki wanasikia. Basi nilimufunika kinywa na mukono, kila mara, mpaka akazoea. Hapa mu mutaa ya Lumumba, kwenye tulikimbilia, majirani wananisifu: "Mutoto mupole kweli!" Na mimi nilikuwa nafurahi. Hiyo inaniuma kupita maneno ya munganga.

Sijui kama bongo yake itapona. Naogopa kuuliza.

Mbele ya kuandika hii, nilikuwa namukulisha buyi, uji ya moto, ikamuchoma kidogo. Baraka akalia, akalia kwa nguvu. Mukono yangu ilikuwa tayari ku kinywa yake. Nikaitoa.

Mama Furaha, jirani yangu, akapiga kelele toka kwake: "Munyamazishe ule mutoto!"

"Muache alie!" nikamujibu. "Hapa hakuna mutu anatutafuta."