Kula ya Maji ya Moto

Jumatano, Julai 1994

Ati kula. Karani wa chuo anaogopa kuchekwa kwa r zetu za Nyeri, basi kila mahali anaandika l, hata panapotakiwa r. Ubaoni: "Leo saa nne, kula ya maji ya moto." Wafanyakazi wakaja bila kunywa chai.

Kumbe ni kura. Mabweni yabaki na boila yangu ya kuni, au maji yapashwe na jua, miti ipone, nami mtia kuni niende nyumbani.

Nikawachomea wenye njaa viazi vitamu kwenye makaa ya boila. Walinisifu sana.

Jua limeshinda. Njeri wa jikoni, aniitaye Guka, yaani babu, akapanguza mdomo: "Guka, kula tumekula, kura tumepiga. Usichanganye."

Wamenibakiza nioshe vioo vya jua, juu ya paa. Ngazi naiogopa. Sijamwambia mtu.