Breki Iliyonyamazishwa: Maelezo ya Mkunga Mwantumu Mbwana

KITUO CHA POLISI HANDENI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwantumu binti Mbwana
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Mzigua, Mwislamu
Kazi: Mkunga wa zahanati
Makazi: Misima, Wilaya ya Handeni
Tarehe na saa ya kuanza: 7 Agosti 1975, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba natakiwa kusema kweli na kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Onyo hilo nimelielewa. Sikuitwa hapa, nimekuja kwa hiari yangu.

Nimekuja kwa sababu nimesikia kwamba Gregori Shida, mganga msaidizi wa zahanati yetu, atashtakiwa kwa kuendesha pikipiki kwa uzembe. Nimesikia pia kwamba gereji iliyoitengeneza imeandika barua kusema breki zake zilikuwa mpya. Gregori amelazwa, mguu umevunjika paja na umevutwa kwa kamba. Hawezi kuja kujisemea. Aliyekuwa amekaa nyuma yake siku ile ni mimi.

Mnamo mwezi wa Mei mwaka huu zahanati yetu ilipewa pikipiki mpya kwa ajili ya kliniki ya akina mama na watoto vijijini. Ni pikipiki kubwa ya safari ndefu, ina kiti cha watu wawili na masanduku mawili ya pembeni. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kwa baiskeli za watu au kwa miguu, na kijiji cha Kang'ata nilifika mara moja kwa mwezi. Kwa pikipiki tulikuwa tunafika kila Jumatatu. Ilikuja na kadi ya dhamana ya miezi sita, kwamba kikiharibika kitu, gereji ya wakala iliyoko Korogwe itatengeneza bure.

Baada ya wiki tatu breki ya nyuma ilianza kupiga kelele. Gregori akikanyaga, inalia mpaka kuku wanatawanyika uani. Akina mama wakazoea, wakawa wanaambiana, "Kliniki hiyo imelia," wanabeba watoto wanakuja. Lakini nataka iandikwe wazi kwamba breki hiyo ilikuwa inalia na inashika. Pikipiki ilikuwa inasimama pale Gregori anapotaka isimame.

Gregori hakupenda ile kelele. Alisema kitu kipya hakilii bila sababu, na dhamana ipo, tuitumie kabla haijaisha. Aliandika barua gereji mwezi wa Juni. Wakajibu kwamba wameagiza breki shuu mpya, yaani vile vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa ndani ya gurudumu na kulibana lisimame. Barua ilisema tupeleke pikipiki tarehe 16 Julai.

Mnamo tarehe 16 Julai 1975, siku ya Jumatano, tulifika gereji hiyo Korogwe saa nne kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimefuatana na Gregori ili nichukue chanjo mjini. Fundi mkuu alitupokea, jina lake Semboja. Gregori akamweleza. Semboja akalizungusha lile gurudumu kwa mkono, akasema, "Kazi ndogo hii. Mpaka saa sita mmeondoka."

Nilirudi na chanjo saa sita na nusu. Pikipiki ilikuwa imesimama nje, kazi imekwisha. Gregori alikuwa ameambiwa asubiri upande wa mbele, kwa hiyo hakuona gurudumu likifunguliwa wala kufungwa. Aliendesha hatua chache uani, akakanyaga breki. Haikulia hata kidogo. Akarudi akasema, "Fundi, mbona inashika taratibu?"

Semboja akasema, "Shuu mpya hizo. Lazima zikae kwanza. Mkitembea maili mia mbili zitakamata vizuri."

Gregori akaomba aonyeshwe zile za zamani zilizotolewa. Semboja akasema zimeshatupwa. Hapo mimi nikasema, "Zimetupwa wapi, fundi, tukaziangalie?" Akanitazama, akacheka na mwenzake. Akasema, "Mama, kazi yako ni kukaa nyuma na kushika mkoba. Breki tuachie sisi."

Nilikasirika, na hasira ilinipotosha. Badala ya kusimama palepale, nilitaka kuondoka mbele ya uso wa yule mtu. Kadi ya dhamana ilikuwa mezani, imeandikwa kwamba breki shuu za nyuma zimebadilishwa. Gregori alikuwa ameshika kalamu hasaini. Nikamwambia, "Tia sahihi twende. Chanjo hizi zitaharibika kwa joto, na kesho nina akina mama arobaini." Akatia sahihi. Naomba afisa aandike kwamba maneno hayo niliyasema mimi. Gregori hakuharakishwa na mtu mwingine.

Baada ya siku hiyo pikipiki ilitembea kidogo sana. Petroli ya kliniki ilikosekana zaidi ya wiki mbili, tukawa tunazunguka Misima tu, kwenye tambarare, taratibu. Gregori alisema mara mbili kwamba kanyagio la breki linaingia chini mno. Tarehe 30 Julai alikwenda mjini Handeni akapiga simu gereji. Aliporudi aliniambia jibu alilopewa na Semboja: hizo maili mia mbili bado hazijafika.

Mnamo tarehe 4 Agosti 1975, siku ya Jumatatu, petroli ilikuwa imepatikana. Tuliondoka Misima saa moja asubuhi kwenda kliniki ya Kang'ata. Saa mbili na robo hivi tulikutana na mwanamume juu ya baiskeli, amelowa jasho. Nilimfahamu, ni Muhidini wa Kang'ata. Mke wake Swaumu nilikuwa nampima tangu mimba ina miezi minne. Muhidini alishuka hata kabla baiskeli haijasimama, akaiacha ianguke.

Akasema, "Mama mkunga, nilikuwa nakufuata wewe. Swaumu ana uchungu tangu jana alasiri. Mtoto ametanguliza miguu."

Nikamuuliza nani yupo naye. Akasema mama yake na jirani. Nikamwambia tunatangulia, atukute nyumbani. Kutoka hapo mpaka kwake ni kama maili saba.

Wanasema Gregori alikimbiza pikipiki kwa sababu ya habari hiyo. Hakukimbiza. Nilitamani akimbize, tena nilimwambia, "Ongeza." Akajibu bila kugeuka, "Mama, breki hii siiamini." Aliendelea kwa mwendo uleule.

Maili mbili mbele kuna mteremko unaoshuka kwenye kijito, wakati huu wa kiangazi hakina maji. Tulipoanza kuteremka niliona ng'ombe wanavuka chini, wengi, na mfugaji wao katikati. Walikuwa mbali, nafasi ya kusimama ilikuwepo. Nilihisi Gregori anakanyaga breki, maana mwili wake wote uliegemea upande wa kulia. Pikipiki haikupunguza mwendo. Alikanyaga tena. Nikasikia anasema, "Haipo. Haipo." Akabana breki ya mbele, gurudumu la mbele likateleza kwenye mchanga. Akaikata kushoto tusiwaingie wale ng'ombe na yule mtu, tukagonga ukingo wa barabara.

Mimi nilirushwa kwenye nyasi, nikaumia bega. Gregori pikipiki ilimlalia mguuni. Yule mfugaji alikuja mbio, tukaiinua pamoja. Nilimfunga mguu kwa vijiti na kanga yangu. Muda wote alikuwa anasema, "Nenda kwa Swaumu. Mimi niache." Nilimwacha. Kumwacha mtu amevunjika paja barabarani si jambo dogo kwa mtu wa kazi yangu, lakini nilimwacha na mfugaji, nikaanza kutembea na mkoba.

Muhidini alinifikia nyuma. Alikuwa ameshaona pikipiki pale ukingoni. Alinipandisha kwenye keria ya baiskeli. Penye mchanga tulishuka tukakimbia.

Tulifika saa nne na dakika ishirini. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, muda si mrefu. Alikuwa wa kiume. Kichwa kilikuwa kimekwama na walipofanikiwa kumtoa hakuwa na pumzi. Nilijaribu kumpulizia, nilijaribu kwa muda mrefu kuliko inavyofundishwa. Swaumu alikuwa anavuja damu, ikabidi nimwache mtoto nimshughulikie mama. Mama yupo hai.

Watoto waliotanguliza miguu nimewahi kuwazalisha tisa, na saba kati yao wanatembea leo. Siwezi kuapa kwamba huyu angeishi. Ninachoweza kuapa ni kwamba saa tatu kasorobo ningekuwa nimefika, na mtoto alikuwa bado tumboni.

Mchana ule polisi walikuja, wakapima barabara, Gregori akachukuliwa na lori kupelekwa hospitali. Pikipiki iliwekwa kwenye ghala la kijiji chini ya uangalizi wa mwenyekiti, Mzee Mhina. Mimi nilibaki Kang'ata kumuuguza Swaumu.

Jana, tarehe 6 Agosti, saa tano asubuhi, nilisikia gari. Nikaambiwa fundi wa Korogwe amekuja kuchukua pikipiki. Nilikwenda ghalani. Nilimkuta Semboja na pikapu, anamwonyesha Mzee Mhina karatasi.

Akasema, "Mzee, hii bado ina dhamana. Tunaichukua tukaitengeneze bure, kijiji hakitalipa kitu."

Nilimwamkia Mzee Mhina shikamoo, kisha nikamwambia, "Mzee, pikipiki hii isitoke mpaka gurudumu la nyuma lifunguliwe hapa, watu wakiona."

Semboja akasema, "Mama, tulishaongea mambo haya."

Nikamwambia, "Tuliongea, na wewe ukacheka. Leo cheka tena."

Nakiri kwamba nilipaza sauti. Nakiri pia kwamba nilikalia ile pikipiki na nikasema atakayetaka kuitoa anitoe mimi kwanza. Watu wakakusanyika. Muhidini naye alikuja, akasimama mlangoni. Mzee Mhina alimrudishia Semboja karatasi yake bila kuisoma, akasema, "Fundi, si umesema umeweka mpya? Basi fungua tuzione mpya."

Semboja alikataa. Mzee Mhina akamwita Yordani, dereva wa trekta la kijiji, anayejua spana. Yordani alitoa gurudumu mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na breki shuu zilezile za zamani, zimeng'aa kama kioo. Juu yake zilikuwa zimepakwa grisi. Si tone lililovuja. Zilipakwa, hata alama za kidole zilionekana. Yordani alisema pale mahali pakipata joto grisi inayeyuka, na shuu haina cha kushika. Niliingiza mkono wangu mwenyewe, ukatoka mweusi. Nikamwonyesha Semboja ule mkono.

Nikamuuliza, "Mpya ziko wapi?"

Akasema, "Ilikuja jozi moja tu kutoka Dar es Salaam. Bwana mmoja wa shamba la mkonge alikuwa na pikipiki kama hii, naye alikuwa na haraka."

Nikamwambia, "Sisi tulikwenda kutembea?"

Akasema, "Mlilalamikia kelele, mama. Kelele niliwaondolea."

Maneno hayo aliyasema mbele ya Mzee Mhina, Yordani, Muhidini na mimi. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Muhidini ndiye aliyesogea mbele, watu wakamshika, lakini alimuuliza swali moja tu. Alisema, "Fundi, wewe una watoto?" Semboja akasema anao wanne. Muhidini akageuka akaenda zake nyumbani.

Semboja aliondoka na pikapu tupu. Zile breki shuu nilizifunga kwenye gazeti, nimezileta hapa leo na nimemkabidhi afisa.

Kuna jambo la mwisho. Jana jioni nilimweleza Swaumu yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyemwambia Gregori atie sahihi. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza, "Utayasema hayo mahakamani, na hilo lako?" Nikamwambia nitayasema. Akasema, "Basi kaseme."

Nimeyasema niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu, la kwangu likiwemo. Nimesomewa, nimeona yako sawasawa.

Sahihi ya shahidi: Mwantumu Mbwana

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Sajini Ponsiano, na kukamilika saa 5:05 asubuhi. Shahidi amesomewa kwa Kiswahili na kukubali. Nimepokea kielelezo: breki shuu mbili zenye grisi, zimefungwa kwenye gazeti. Niliporudia sehemu ya tarehe 16 Julai nilimweleza shahidi kwamba halazimiki kujitaja katika suala la sahihi ya kadi. Alijibu, "Liache humohumo." Aliomba aruhusiwe kuwahi lori la pamba la Kang'ata, kwani mgonjwa wake ana homa. Nimemruhusu.