Moshi Niliouita Wingu

Kaka,

Mama anakusalimu. Blanketi ulilomtumia limefika, na amelikunja akaziba nalo upenyo wa chini ya mlango, moshi usiingie. Anakohoa usiku na mchana. Mimi mzima, ila siku hizi nakwepa kioo.

Kazi yangu unaijua. Picha za setilaiti zikifika asubuhi, nachora mstari kuuzunguka moshi, kisha watu wa afya wanatangaza mitaa ipi ifunge madirisha. Pale moshi na wingu visipotofautiana, tunaandika wingu. Ndiyo maana ulinipigia simu: "Mdogo wangu, andika wingu, siku tatu tu, nimalize kuchoma shamba." Nami kwa ujinga wangu nikaandika, wakati picha ilikuwa wazi kabisa: mkia wa moshi ulianzia shambani kwako ukaja mpaka juu ya paa letu.

Hakuna aliyeonywa. Mwanzoni mtaa mzima ulilala madirisha wazi, la Mama likiwa la kwanza.

Jana akaniuliza, "Mwanangu, mitambo yenu inasema ni wingu. Mbona mvua hainyeshi?" Nikainuka nikafunga dirisha.

Unanitia kinyaa, kaka, na mimi mwenyewe najitia kinyaa. Leo nimezichora upya picha za siku zote tatu, nikaandika moshi, nikataja shamba na mwenye shamba. Kisha nikampa mkuu wangu barua ya kukiri, yenye jina langu.

Blanketi lako nimelitoa mlangoni, nimeweka taulo. Lilikuwa linanuka moshi tangu lilipotoka kwako.

Mdogo wako